Mikanda Miwili Kashani

Mwezi wa kuvuna shayiri, siku ya pili

Lakratos amekuja nyumbani kutoka kambini kwa siku za mavuno. Amekonda kama ufito, na mgongoni amebeba kitu anachokiita ngao. Nimemwuliza kama ni ungo wa kupepetea. Amecheka. Mwanangu huyu hucheka hata akitukanwa. Baba yake hakuwa hivyo.

Kwa kweli kazi ya fundi si mbaya. Shaba imelala vizuri juu ya ubao. Lakini ni ndogo, haina ukingo wa kuegemeza begani, na ukiigeuza ndipo utalia: haina kikuku. Ngao ya marehemu mume wangu, ile iliyotundikwa hapa ukutani, ina mahali pa kikuku kipana cha shaba katikati. Mkono unapita ndani yake mpaka kwenye kiwiko, kiganja kinashika kamba iliyo ukingoni, na ngao inakuwa kiungo cha mwili. Nusu ya ngao inakukinga wewe, nusu inamkinga mtu wa kushoto kwako. Na ubavu wako wa kulia unalindwa na nani? Na mtu wa kulia kwako. Ndiyo maana Sparta mtu huulizwa kwanza jirani yake safuni ni nani, kisha ndipo huulizwa baba yake.

Hii ya Lakratos inaning'inia kwa mkanda wa ngozi, shingoni na begani, kama mfuko wa mchunga mbuzi. Mfalme ameamuru. Watu wa Makedonia wana mikuki mirefu kama miti, inashikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo mkono hauna nafasi ya kushika ngao. Basi na sisi tunawaiga adui zetu. Mfalme mwenyewe ndiye aliyegawa nusu ya mashamba yangu kwa watu nisiowajua hata majina, kwa hiyo sishangai lolote.

Jua lilipotua nimeuchomoa ule mkanda nikaufungia kashani. Katika nyumba hii ngao hailali na kishikio chake. Kikuku cha mume wangu kilichomolewa kila alipoingia mlangoni, na ufunguo wa kasha ukabaki kiunoni mwangu. Mama mkwe wangu alifanya hivyo, na mama mkwe wake. Waheloti, watumwa wetu wa mashambani, ni wengi kuliko sisi. Siku wakiamka vibaya wakaikuta ngao ukutani, waikute haishikiki.

Arata, mke wa Lakratos, alinitazama nikichomoa asiseme neno. Arata akinyamaza ujue anasema.

Siku ya tatu

Mvua isiyo na adabu. Shayiri ya bondeni imelala chini. Mheloti mmoja amesema ni mapenzi ya miungu, nimemchapa.

Siku ya sita

Doron amerudi naye. Alitoka hapa mheloti wangu, amerudi mtu huru. Alijikomboa kwa mfalme majira ya baridi, na mfalme akampa ngao ileile na mkuki uleule anaopewa mwanangu. Mama yake, Filo, ndiye aliyemnyonyesha Lakratos homa iliponikausha maziwa. Titi moja la huyu, titi moja la yule. Mimi nilidhani naazima maziwa tu.

Alisimama mlangoni, hakuinama.

"Umeamkaje, mama Lakratos?"

Mama Lakratos! Tangu ajue kusema aliniita bibi.

"Kibanda unacholala ni cha nani?" nikamwuliza.

"Chako."

"Basi ngao inayolala kwenye ardhi yangu, mkanda wake unalala kashani mwangu. Lete."

"Mama, jamani," Lakratos akasema. "Doron ni askari kama mimi."

"Wewe ni askari. Huyu ni kiazi kilichovikwa kofia ya chuma."

Arata alikuwa anakanda unga, hakugeuka. "Hivi mama, unamficha nani sasa? Zamani uliwaficha wao. Sasa wao ndio wanaobeba."

Nikanyoosha mkono. Doron akamtazama Lakratos, na Lakratos, badala ya kusimama kiume akaniunga mkono au akanipinga, akainamisha kichwa akamwambia kwa sauti ya chini, "Vumilia, ndugu yangu. Si unamjua."

Doron akauchomoa mkanda wake akauweka kiganjani mwangu, akinitazama usoni. Mheloti hatazami usoni. Niliuweka chini kabisa, chini ya nguo za zamani, na wa Lakratos juu. Wa Lakratos una uzi mwekundu ambao Arata ameushona kingo zote mbili, huwezi kukosea.

Siku ya saba

Asubuhi wamekuja kuchukua mikanda yao, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wanaogawiwa mkate. Nimefurahi sana.

Siku ya kumi na moja

Tumekwenda mtoni kuwatazama wakifanya mazoezi ng'ambo, wanawake wote wa mtaa. Klearista, jirani yangu, ana ulimi mbaya kuliko wangu, ndiyo maana tunapendana.

"Tazama, wamevikwa shingoni kama ng'ombe wa kengele!"

"Ng'ombe angalau hukamuliwa," nikasema.

"Afadhali hao. Kaka yangu kaona Waakaya, wale adui zetu wa kaskazini. Wao wanabeba milango! Ngao ndefu, za umbo la yai, zenye kishikio kimoja tu katikati, unakamata kwa ngumi kama mpini wa sufuria. Wameiga kwa mamluki wa Galatia."

Tukacheka. Kisha baragumu ikalia, na mikuki yote ikashuka kwa pamoja, safu baada ya safu, na hatukucheka tena. Sikupenda nilichokihisi. Mume wangu akiwa na ngao yake alikuwa ukuta. Hawa walikuwa nungunungu. Huoni mtu, unaona miiba. Nilimtafuta Lakratos safu ya mbele, lakini kila uso ulikuwa ndani ya kofia na ngao zote zina herufi moja. Sikumtambua mwanangu, wala yeyote aliyekuwa kando yake.

Jioni nikamwuliza, "Nani yuko kulia kwako?"

"Mtu mzuri," akasema, akaenda kunawa.

Siku ya kumi na mbili

Shayiri ya juu imekatwa. Mundu umekata kidole cha mpishi. Hakuna lingine.

Siku ya kumi na tano

Tumepeleka malimbuko hekaluni Amiklai, mimi na Arata. Kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo moshi umefanya kila kitu cheusi, kuna ngao ya kale ambayo nimepita mbele yake maisha yangu yote bila kuitazama. Imebanwa kiunoni kama imeumwa pande zote mbili. Arata akachungulia nyuma yake.

"Mama, njoo uone."

Ndani kulikuwa na kishikio kimoja tu cha katikati, cha ngumi. Na pembeni, mashimo mawili, na kipande cha ngozi kilichooza.

"Mkanda wa shingoni," Arata akasema. "Wazee wa wazee wako walivaa kama Lakratos. Kikuku chako ndicho kilichokuja baadaye."

"Hao walishindwa, ndiyo maana ngao yao iko ukutani."

"Hapa hatutundiki za walioshindwa, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli nilimfundisha. Njiani nilikuwa nafikiria mwanamke mmoja wa zamani sana, aliyemwona mwanawe anaingia mlangoni na kikuku kipya cha shaba, akamwuliza kama amevaa bangili ya dada yake. Nilimchukia mwanamke huyo, kwa sababu alikuwa mimi.

Siku ya ishirini

Joto. Nzi. Lakratos kala tini mbichi na kuumwa tumbo, shujaa wetu.

Mwezi wa kupura, siku ya kwanza

Leo nimeaibishwa mbele za watu.

Tulikuwa uwanja wa kupuria, wanawake kama kumi na wawili, na mwanamume wa kuwazungusha nyumbu juu ya masuke hakuwapo. Doron akapita na mkuki wake begani. Nikamwita kwa sauti yangu ya siku zote: "Weye! Njoo ushike hawa nyumbu."

Akasimama. Akajibu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniua.

"Leo sitaweza, mama Lakratos. Naitwa mazoezini. Labda umtafute mtu wako."

Klearista akapiga kofi pajani. "Haya shoga! Umeambiwa umtafute mtu wako!"

Wakacheka wote. Binti mmoja wa miaka kumi na tano alicheka mpaka akakaa chini. Nimewashika nyumbu mwenyewe, nimezunguka nao mpaka adhuhuri, na kila nilipopita mbele ya Klearista alisema, "Mtu wako kapatikana?"

Sitalisahau. Filo angekuwa hai ningemwuliza alimpa nini na maziwa yale.

Siku ya nne

Leo ni sikukuu, hakuna mazoezi, mikanda imeshinda kashani. Nilifungua kutafuta kitambaa cha meza. Panya wameingia kupitia ufa wa nyuma. Nguo za zamani zimekuwa matambara, na mkanda wa Doron, uliokuwa chini kabisa, umetafunwa karibu na pete inapofungiwa ngaoni. Hawajaumaliza. Wamebakiza upana wa kidole. Wa Lakratos haujaguswa.

Nimeushika muda mrefu. Najua ngozi, huu utashika ukitembea, na utakatika ukitikiswa kwa nguvu. Nikaona kesho uwanjani: mikuki inashuka, baragumu inalia, na ngao ya mtu huru inaanguka pwaa vumbini mbele ya Sparta nzima. Nikamwona anainama kuiokota. Nikamsikia Klearista anacheka, safari hii upande wangu.

Nimeukunja vizuri, upande mzima ukiwa nje. Nimeziba ufa kwa nta.

Siku ya tano

Baragumu imelia kabla hatujala. Haikuwa ya mazoezi. Wamakedonia na Waakaya wamevuka mpaka, wanashuka njia ya Tegea. Jeshi lote linapanda Selasia leo hii kuziba bonde.

Selasia! Nusu ya siku kwa miguu. Mtu akipanda juu ya paa anaweza karibu kupaona.

Lakratos na Doron walikuja mbio kwenye kasha. Nikafungua. Nikampa mwanangu mkanda wake wa uzi mwekundu. Nikampa Doron wa kwake, umekunjwa. Aliutia begani bila kuukunjua kwa sababu alikuwa na mkate kinywani na kiatu kimoja mkononi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mtu anaweza kusema neno moja mwenzake akifunga kiatu. Nikajiambia: hawa waliokombolewa watawekwa nyuma, kama waheloti walivyowekwa siku zote, kurusha mawe na kubeba maji. Nyuma huko ngao ikianguka itaanguka mguuni mwake. Acha ianguke.

Nilimwambia Lakratos yale tuyasemayo hapa kwa wanaume wanaokwenda, kwamba arudi na ngao yake au arudi juu yake. Akacheka. "Hii ni ndogo mama, miguu itaning'inia." Hata hilo alilifanyia mzaha. Akanibusu paji la uso, jambo ambalo hatulifanyi, akaondoka. Doron aligeuka getini akainua mkono kumuaga Arata. Mimi hakuniaga.

Siku ya sita

Tulikuwa tunapepeta, mimi na Arata. Upepo ulikuwa mzuri. Nikasema, kusema tu, kwamba angalau mfalme hatakuwa kichaa wa kuweka viazi mbele.

Arata akaacha kupepeta.

"Hujui?"

"Nijue nini?"

"Mama, wamechanganywa. Tangu majira ya baridi. Mmoja wetu, mmoja wao, mmoja wetu, mmoja wao, ili wasikimbie na sisi tusikimbie. Unadhani kwa nini Lakratos hakukujibu ulipomwuliza nani yuko kulia kwake?"

Nikamwambia aseme.

"Doron. Aliomba mwenyewe awekewe Doron. Ngao ya Doron ndiyo inayomfunika ubavu. Akanikataza nisikuambie, akasema ukijua utampa Doron maisha ya mbwa." Akaninyooshea ungo. "Kama vile hukumpa."

Sikumbuki nilichofanya na ungo. Nakumbuka makapi yakinijaa kwenye nywele.

Jioni nimetoa ngozi ya fahali niliyoiweka kwa ajili ya viatu vya mazishi yangu, nimekata mkanda mpya. Nimeupaka mafuta. Nimetoboa matundu. Ni mkanda bora kuliko wowote mfalme aliogawa. Uko hapa mbele yangu juu ya meza. Kesho alfajiri Gylis, mchunga nyumbu, ataupeleka.

Siku ya saba

Gylis hakwenda.

Alikuwa ameshapanda nyumbu, na mkanda uko kwenye kifuko, Klearista akatokea njiani. "Anakwenda wapi huyu?" Nikamwambia kinuni. "Na kifuko?" Nikamwambia chumvi. Gylis akanitazama, akaenda kinuni, akarudi adhuhuri na unga ambao sikuuhitaji.

Ningemwambiaje? Kwamba nampelekea yule mtu mkanda? Kwamba mimi, mjane wa nahodha wa safu, nimemkatia kiazi ngozi ya mazishi yangu kwa mikono yangu? Angeuliza kwa nini. Mji mzima ungeuliza. Na Doron angeufungua huko mbele ya watu akajua niliona, nikakunja.

Atakuwa ameshauona. Askari hukagua vitu vyake. Kambini kuna mafundi wa ngozi. Na huko hakuna kitu bado. Wanatazamana tu vilimani, wanasema wapita njia, kila upande unachimba mitaro. Wanaweza kutazamana mwezi mzima.

Nimeyaandika haya ili niyasome na kuyaamini. Nimeyasoma.

Siku ya nane

Sikulala. Alfajiri nimemtoa Gylis kitandani kwa mguu. "Selasia. Mkanda huu umpe Doron mkononi. Ukisimama kwa yeyote nitakuchuna."

Arata alikuwa nyuma yangu. "Mkanda wa nini?"

Nimemwambia. Nilimwambia kwa maneno mafupi: panya, siku ya sikukuu, niliona. Nilidhani atanipiga. Yeye ana mwili mkubwa kuliko wangu na amefundishwa mieleka kama wasichana wetu wote. Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga.

"Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," akasema. "Kumbe ulikuwa hujauonja."

Akaenda kukaa barabarani, juani, bila kitambaa kichwani. Nilimpelekea maji. Akayamwaga.

Hakuna upepo. Makapi yanaanguka palepale yaliporushwa.

Siku hiyohiyo, jua likishuka

Gylis amerudi. Na mkanda. Hakufika. Alikutana na nyumbu wasio na watu, kisha watu wasio na ngao, kisha watu wengi mno hata akashindwa kupita. Vita vilianza asubuhi, yeye akiwa hajafika nusu ya njia. Safu yetu imevunjika. Mfalme amepita mjini kwa farasi, hakuteremka, hakunywa hata maji, ameelekea bandarini.

Mkanda bado una harufu ya mafuta.

Siku ya tisa

Hakuna habari. Wachache wanarudi. Arata anawatazama usoni mmoja mmoja.

Siku ya kumi

Doron amekuja.

Nilimwona kwanza kwa ngao. Alikuwa na mbili, moja mkononi na moja begani, na ile ya begani ilining'inia kwa mkanda wenye uzi mwekundu.

Mungu gani aliyenitia ulimi huu sijui. Mtu amesimama mbele yangu, damu imemkaukia mpaka kwenye nyusi, na neno langu la kwanza lilikuwa, "Mwizi! Umemvua mwanangu!"

"Mama, nyamaza," Arata akasema. Hakupaza sauti. Akamgeukia Doron. "Amekufa?"

"Amekufa, shemeji. Tumemzika kulekule na wenzake. Nimemfunika mwenyewe."

Arata akashika nguzo ya mlango. Doron akashusha ile ngao ya mkononi. Ilikuwa ya Lakratos. Upande wa ndani, kwenye pete, kulikuwa na kipande cha mkanda, kifupi kama kidole, na ncha yake imechanika.

"Jioni ile tuliyofika nilikagua vitu vyangu," Doron akasema. Alikuwa anamwambia Arata, si mimi. "Nikaona meno ya panya. Nikamwonyesha. Akaniuliza, umetoka kashani kwa mama hivi? Nikamwambia, kwani mimi mkanda wangu unalala wapi? Akafungua wa kwake akanipa, akachukua huu. Nikakataa. Akasema, wewe unanifunika mimi, ukianguka nakufa. Mimi nikianguka anakufa wa kushoto, na wa kushoto simpendi sana. Unamjua kwa mzaha."

"Kambini hakukuwa na mikanda?" Arata akauliza.

"Ilikuwa tele. Fundi alikuwa nayo rundo zima. Nikamwambia twende tukachukue mmoja. Akasema ngoja."

"Angoje nini?"

Hapo ndipo Doron aliponitazama.

"Alisema, mama ameona. Mama anajua kila uzi ulio kashani mwake. Ameudhika tu. Akikaa usiku mmoja hawezi kuvumilia, ataleta mwingine. Siku ya pili nikamwambia tena, Lakratos, twende kwa fundi. Akasema, nikienda kwa fundi nitakuwa nimesema mama yangu ni mtu wa aina hiyo. Mchana kutwa alikaa juu ya jiwe akitazama njia ya huku. Kila akiona nyumbu alisimama. Ana kichwa chako yule, akishasema kitu hageuki. Asubuhi ya tatu walitupandia. Mikono yote miwili iko kwenye mkuki. Ngao ikianguka huna wa kuiokota. Nilijaribu kumsogelea. Sikufika."

"Nilituma," nikasema. "Nilimtuma Gylis."

"Lini?"

Nikamwambia lini.

Doron aliinama, na nilidhani anainama kama zamani, lakini alikuwa anaiegemeza tu ngao ya Lakratos ukutani isianguke. Kisha akavua ule mkanda wa uzi mwekundu, akampa Arata, akaenda kibandani kwake kukusanya vitu vyake. Kabla ya jua kutua alikuwa ameondoka. Hakuaga, na hakuna aliyeniambia amekwenda wapi, ingawa Arata anajua.

Siku ya kumi na moja

Wamakedonia wako mjini. Hawakuchoma kitu. Wananunua tini mlangoni, na wanalipa. Mmoja ameniita mama.

Siku ya kumi na tatu

Leo ilikuwa siku ya wenye wafu kutoka. Desturi yetu inajulikana: mama ambaye mwanawe amekimbia hujifungia ndani, na mama ambaye mwanawe amekufa safuni huvaa nguo safi, hutoka sokoni na uso mkunjufu, na wenzake humpongeza. Nimevaa nyeupe. Nimepaka mafuta nywele. Nimemwomba Arata tufuatane. Amesema ana kazi.

Sokoni tulikuwa wengi. Sijapata kuona nguo nyeupe nyingi vile. Klearista, ambaye mwanawe amerudi mzima, alikuwa nyuma ya dirisha lake, na nilipopita hakuweza kunitazama. Siku ya kupura ningetoa shamba nimwone hivyo.

Wanawake wakanishika mikono. Mmoja, sijui hata jina lake, mwembamba, amefiwa na wawili, akaniuliza, "Na wako alikufaje, dada?"

"Safu ya mbele," nikasema. "Ngao yake ilikuwa miguuni pake."

"Hakuitupa."

"Hakuitupa."

"Na mtu wa kulia kwake? Alimfunika?"

"Alimfunika mpaka mwisho."

"Una bahati," akasema. "Umezaa mwanamume. Umemlea wewe mwenyewe, inaonekana." Naye akacheka, kama inavyopasa, na machozi yakimtoka, na mimi nikacheka, na waliotuzunguka wakacheka. Askari wa Makedonia waliokuwa kwenye duka la mboga wakatuachia njia, kama watu wanaopishana na wagonjwa.

Nilipofika nyumbani Arata alikuwa amekaa kizingitini, vitu vyake vimefungwa kando.

"Umecheka vizuri, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.